Trey Smith, namba 226: Chiefs walivyompata gadi wa maana kwenye raundi ya sita

Kila mwaka drafti ya NFL ikikaribia, pale timu za ligi ya mpira wa Kimarekani zinapochagua vijana wa vyuoni kwa zamu, raundi kwa raundi, stori ni makwotabeki tu, wale wanaotupa mpira, nani anaenda namba moja, nani kapanda nani kashuka, halafu magadi wanaongelewa dakika mbili za mwisho kama vile timu inaweza kuokota yeyote na maisha yakaendelea. Sasa mi nataka tukae na kisa kimoja tu, tukichambue mpaka mwisho, maana naona kinasimuliwa vibaya sana. Watu wanasema Kansas City Chiefs walibahatisha kwa Trey Smith mwaka 2021, wengine wanasema Brett Veach, meneja mkuu wao, ana jicho la ajabu. Mi nasema sio bahati na wala sio jicho. Kipaji cha yule kijana kilikuwa kinaonekana na kila mtu. Kilichokuwa kinauzwa bei rahisi pale ni woga, na Chiefs walijipanga wakawa kwenye nafasi ya kuununua bila kuumia.

Kwa ambao hawafuatilii sana huu mpira wa Kimarekani, laini ya mashambulizi ina watu watano. Katikati senta, yule anayerudisha mpira nyuma kwa kwotabeki. Pembeni kabisa wako matekoli wawili. Kati ya senta na tekoli, kila upande, yuko gadi. Kazi yake ina sura mbili. Timu ikikimbiza mpira, gadi anamsukuma mtu wa kilo 140 atoke kwenye njia, au anang'oka pale alipo anakimbia pembeni kwenda kumfungulia njia mwenye mpira. Timu ikitupa mpira, anatakiwa asimame na asirudishwe nyuma, ndo hivyo tu, ila hilo "ndo hivyo tu" ndo shughuli yenyewe. Presha ya pembeni kwotabeki anaweza akasogea mbele hatua moja ikampita mgongoni, lakini ya katikati inamjia usoni, hana pa kusogea, haoni mbele, mguu wa kutupia haupati nafasi. Ndo maana mtu kama Aaron Donald, mlinzi wa Rams, alikuwa anaharibu mechi nzima akiwa anacheza ndani pale, na magadi wa ligi nzima walikuwa wanamjua vizuri kuliko walivyotaka.

Pamoja na hayo magadi kwenye drafti wanachukuliwa wamechelewa. Sababu moja ni kwamba wengi wao chuoni walikuwa matekoli, timu zinaona mikono yake mifupi kidogo au miguu haiwezi kukabana na watu wenye kasi wa pembeni, zinamsogeza ndani. Zack Martin alikuwa tekoli Notre Dame, Dallas wakamchukua namba 16 mwaka 2014 akawa mmoja wa magadi bora wa kizazi chake. Joel Bitonio hivyo hivyo kutoka Nevada, namba 35 mwaka huo huo. Joe Thuney, ambaye tutamkuta tena hapa chini, alikuwa tekoli North Carolina State, Patriots wakamchukua raundi ya tatu mwaka 2016. Kwa hiyo timu zinajiambia mbona nitoe namba kubwa kwa kitu ambacho naweza kukitengeneza baadaye. Na ushahidi wanao: mwaka 2013 magadi wawili waliingia ndani ya kumi bora, Jonathan Cooper namba 7 Arizona na Chance Warmack namba 10 Tennessee, hakuna hata mmoja aliyefika Pro Bowl, ile heshima ya nyota wa msimu, wakati Larry Warford wa raundi ya tatu mwaka ule ule alifika. Halafu 2018 Indianapolis wakamchukua Quenton Nelson namba 6, akawa kila kitu walichotarajia na zaidi. Kwa hiyo ukisema gadi achukuliwe mapema unapata mfano, ukisema asubiriwe unapata mfano pia.

Haya turudi kwenye kisa.

Tarehe 7 Februari 2021, Super Bowl ya 55, yaani fainali ya ligi, Tampa. Huku kwetu ilikuwa saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, na waliokesha wanakumbuka walichokiona. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, ambaye miezi saba nyuma alikuwa kasaini mkataba wa miaka kumi unaoanzia dola milioni 450, anakimbia huku na huku kama anafukuzwa, anatupa mipira akiwa anaanguka, mingine akiwa hewani kabisa. Chiefs walifungwa 31 kwa 9 na Tampa Bay, hawakupata tachidauni, lile bao kubwa la mchezo huu, hata moja. Hesabu za ESPN zilisema Mahomes aliwekewa presha mara 29, rekodi ya Super Bowl. Na Todd Bowles aliyekuwa anaongoza ulinzi wa Tampa hakuhitaji kutuma watu wengi, mara nyingi alituma wanne tu, saba waliobaki wakakaa nyuma kuziba njia. Ukiweza kumsumbua Mahomes kwa watu wanne, mechi umeshaimaliza.

Nini kilitokea? Laini ilikuwa imekwisha. Eric Fisher, tekoli wa kushoto, alikatika mshipa wa kisigino wiki mbili kabla, kwenye mechi na Buffalo. Mitchell Schwartz wa kulia alikuwa nje kwa mgongo toka katikati ya msimu. Kelechi Osemele, gadi, aliumia magoti mapema. Na Laurent Duvernay-Tardif, gadi wa kulia aliyeshinda Super Bowl mwaka uliotangulia, ambaye ana shahada ya udaktari, aliamua asicheze msimu mzima aende kuhudumia wazee kwenye kituo kule Quebec wakati wa Korona (mi yule jamaa namheshimu sana kwa hilo, na sijawahi kuona sababu ya mtu kumlaumu). Kwa hiyo siku ya fainali walioanza walikuwa Mike Remmers, Nick Allegretti, Austin Reiter, Stefen Wisniewski na Andrew Wylie, watu wa akiba na watu waliohamishwa nafasi.

Hapo ndo Veach kama meneja mkuu na Andy Reid kama kocha walifanya uamuzi ambao naona ndo mzizi wa kisa chote. Hawakusema "tulikuwa na majeruhi, mwakani wakipona tutakuwa freshi." Mwezi Machi wakawaacha Fisher na Schwartz kwa siku moja. Wakamchukua Thuney kwa miaka mitano, dola milioni 80. Wakamrudisha uwanjani Kyle Long, gadi ambaye alikuwa kashastaafu. Duvernay-Tardif naye alikuwa anarudi. Aprili, siku chache kabla ya drafti, wakafanya biashara na Baltimore wakampata Orlando Brown kwa ajili ya tekoli wa kushoto, na walilipa vizuri, kwenye mzigo ule ilikuwemo namba yao ya raundi ya kwanza, 31, na namba 94 ya raundi ya tatu, wao wakarudishiwa namba 58. Cha kufurahisha ni kwamba ile 94 Baltimore waliitumia kuchukua gadi, Ben Cleveland wa Georgia.

Angalia sasa hali ya nafasi ya gadi pale Kansas City asubuhi ya drafti. Kushoto yuko Thuney, mmoja wa bora kwenye ligi. Kulia wako Long na Duvernay-Tardif, wote wawili walishawahi kuanza mechi nyingi. Hawakuwa na shida ya gadi kabisa. Shikilia hilo.

Sasa Trey Smith mwenyewe. Anatokea Jackson, Tennessee, akaenda chuo kikuu cha Tennessee mwaka 2017 akiwa mmoja wa vijana waliogombaniwa sana nchi nzima. Mwaka wa kwanza tu anaanza mechi, na kwenye ligi ya vyuo ya SEC ambako watu wa mbele wa ulinzi wengi wanaelekea NFL, hiyo sio kitu kidogo. Futi 6 na inchi 5, kilo kama 145, na nguvu ambazo ukiangalia video zake unaona mtu anainuliwa anawekwa chini. Halafu mapema 2018 wakamkuta na mabonge ya damu kwenye mapafu. Akatibiwa, akarudi uwanjani msimu wa 2018 wakamweka tekoli wa kushoto, mwezi Oktoba tatizo likarudi, msimu ukaishia hapo.

Hili tatizo sio kama goti. Goti daktari wa timu anaangalia picha, anakuambia miezi tisa, unajua unachonunua. Damu kuganda inatibiwa kwa dawa za kuifanya iwe nyepesi, na mtu anayetumia dawa hizo hatakiwi kwenye mchezo wa kugongana, maana akipata jeraha la ndani damu haisimami. Wapenzi wa kikapu wanamkumbuka Chris Bosh wa Miami Heat, bingwa mara mbili, alicheza mara ya mwisho Februari 2016 na mabonge ya damu yakamfungia mlango moja kwa moja. Kwa hiyo skauti akiandika jina la Trey Smith, pembeni yake anaona jina la Bosh. Na hapa haiongelewi kazi tu, yanaongelewa maisha ya mtu, kwa hiyo mi siwezi kuzicheka timu zilizoogopa.

Ila kuna alichokifanya baada ya hapo ambacho naona hakikupewa uzito. 2019 alirudi kwa mpango maalum wa madaktari, mazoezini akawa hagongani sana, nguvu zinawekwa kwa ajili ya Jumamosi, siku ya mechi za vyuo. Akaumaliza msimu, akaingia kikosi cha kwanza cha SEC, yaani orodha ya wachezaji bora wa ligi ile. 2020 akacheza tena, akaingia tena. Misimu miwili mfululizo bila tatizo kurudi.

Na lawama zipi alipewa kiuchezaji? Kwamba anainama sana mbele, anapoteza balansi, miguu inachelewa, anategemea nguvu. Ni kweli, vilikuwa vinaonekana, hasa 2020. Lakini hebu tujiulize, gadi anajifunza wapi miguu na balansi? Mazoezini, Jumanne na Jumatano, kwa kugongana na mtu mara mia. Huyu kijana sehemu kubwa ya hayo mazoezi alikuwa amezuiwa kuyafanya. Kwa hiyo kasoro zile zile ambazo skauti mmoja anaziandika kama udhaifu, mwingine angeweza kuzisoma kama kazi ambayo bado haijafanywa. Mi huu ndo usomaji wangu, na naamini ndo ulikuwa sahihi: mtu anayecheza kwa kiwango cha kikosi cha kwanza cha SEC bila mazoezi kamili, ukimpa mazoezi kamili anaenda wapi?

Kuna kitu kingine cha mwaka ule. Korona iliifuta kambi ya kawaida ya vipimo kule Indianapolis. Wachezaji wakapimwa mbio na nguvu vyuoni kwao, na kwa upande wa afya ni wachezaji wachache tu ndo waliitwa Indianapolis mwezi Aprili kuonana na madaktari wa timu. Mwaka wa kawaida madaktari wa timu zote 32 wanakaa na mchezaji, wanauliza, wanapima, wanarudia. Mwaka ule habari zilikuwa chache kuliko kawaida na muda ulikuwa mfupi, na habari zikiwa chache mtu mwenye alama nyekundu kwenye faili ndo anaumia zaidi, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa yule aliyesaini bila kuwa na uhakika.

Drafti ikafanyika Cleveland, tarehe 29 Aprili mpaka 1 Mei. Alijah Vera-Tucker wa USC akaenda namba 14, Jets walipanda juu makusudi kumfuata. Landon Dickerson wa Alabama, ambaye naye alikuwa na historia ndefu ya majeraha na goti lililokatika Desemba tu, Eagles wakamchukua namba 37. Aaron Banks namba 48, San Francisco. Wyatt Davis namba 86, Minnesota. Trey Smith kimya. Raundi ya nne ikapita. Ya tano ikapita.

Hapa naomba wanaowasifia Chiefs kupita kiasi wasikilize, maana kuna kitu wanakiruka. Chiefs wenyewe walimpita mara tano. Namba 58 walimchukua Nick Bolton, 63 Creed Humphrey, 144 Joshua Kaindoh, 162 Noah Gray, 181 Cornell Powell. Bolton na Humphrey hakuna wa kubisha, wote wawili wamekuwa nguzo, Gray naye kasaidia sana. Lakini Kaindoh na Powell hawakufika popote. Kwa hiyo kama wangekuwa na uhakika kwamba wanamwona gadi bora wa miaka mitano ijayo, wasingesubiri mpaka 226. Hakuna meneja anayejua kitu hicho halafu anachukua watu wawili wa akiba kwanza. Hawakuwa na uhakika, walikuwa na bei.

Na bei ndo nataka tukae nayo. Namba 58 ikipotea, umepoteza mchezaji wa kuanza, watu wanakuuliza miaka mitatu. Namba 226 ikipotea hakuna anayekumbuka, maana wengi wanaochukuliwa pale hawadumu. Kwa hiyo swali la madaktari linabadilika. Kwenye raundi ya pili unawauliza, "mnaweza kunihakikishia?" Hawawezi, hakuna daktari anaweza. Kwenye raundi ya sita unawauliza, "kuna njia salama ya huyu kijana kucheza, na tukiona dalili tutamsimamisha?" Hilo wanaweza kulijibu. Wakaridhika, wakamchukua.

Sasa kumbuka niliposema ushikilie. Kwa kuwa tayari walikuwa na Thuney, Long na Duvernay-Tardif, hakukuwa na presha ya kumharakisha. Angekuwa kwenye timu ambayo haina gadi, siku ya kwanza anarushwa uwanjani apende asipende, na daktari wa timu anakuwa na kocha anayemsimamia mgongoni. Pale Kansas City hata angesema mwaka huu napumzika, laini ingesimama. Na mi naona hicho ndo watu hawakiongelei kabisa, wanaangalia drafti kama siku tatu za Aprili wakati kazi ya kumpata Trey Smith ilianza Machi kwa kumsaini mtu mwingine.

Kilichofuata kilienda haraka kuliko mtu yeyote alivyopanga. Long akaumia kabla ya msimu. Duvernay-Tardif akavunjika mkono. Ila hata hayo yasingetokea, ripoti za kambi zilikuwa zinasema kijana wa raundi ya sita anafanya kazi na kikosi cha kwanza. Septemba 2021 mechi ya kwanza na Cleveland anaanza gadi wa kulia, pembeni yake senta ni Humphrey, naye mgeni. Akaanza mechi zote 17. Laini nzima ilikuwa mpya ukilinganisha na ile ya Tampa. Novemba wakampeleka Duvernay-Tardif kwa Jets kwa biashara ndogo, nafasi yake haikuwepo tena.

Ukitaka kuona thamani ya kazi hiyo nenda kwenye Super Bowl ya 57, tarehe 12 Februari 2023, Glendale, Arizona. Upande wa pili ni Philadelphia, ambao msimu ule waliwaangusha makwotabeki mara 70, hakuna timu nyingine iliyowakaribia. Mahomes alikuwa na kifundo cha mguu kibovu, kila mtu aliona anachechemea. Hawakumwangusha hata mara moja. Sifuri. Chiefs wakashinda 38 kwa 35, kwa Mahomes yule yule aliyekuwa anakimbizwa Tampa miaka miwili nyuma, na mguu mmoja mbovu. Mwaka uliofuata wakachukua tena, dhidi ya San Francisco, 25 kwa 22 kwenye muda wa nyongeza.

Na hela. Mkataba wa kwanza wa Smith, miaka minne, ulikuwa chini ya dola milioni 4 kwa jumla. Thuney upande wa pili alikuwa anachukua wastani wa milioni 16 kwa mwaka. Kwenye ligi yenye kikomo cha mishahara, tofauti hiyo ndo iliyowawezesha kubeba mishahara mingine mikubwa kwenye kikosi, watu wanasahau kwamba gadi wa bei chee ni mchezaji mwingine uliyempata mahali pengine. Ila deni lilikuja. 2024 Smith akaenda Pro Bowl, 2025 wakamzuia kwa ile lebo ya timu ya zaidi ya dola milioni 23 kwa mwaka mmoja, na Julai wakasaini miaka minne, dola milioni 94, milioni 70 zikiwa na uhakika, gadi anayelipwa zaidi kwenye ligi kwa wakati ule. Thuney wakamwachia Chicago mwezi Machi mwaka huo huo kwa namba ya raundi ya nne tu, kwa sababu huwezi kulipa pande zote mbili.

Nikiangalia wanachofanya sasa naona wanajaribu kuurudia ule mchezo, ila kwa sura tofauti. Gadi wa kushoto wamemweka Kingsley Suamataia, namba 63 ya mwaka 2024, tekoli wa BYU aliyeshindwa pembeni wakamsogeza ndani, ile njia ya zamani ya kina Thuney. Na 2025 tekoli wa kushoto wakamchukua Josh Simmons wa Ohio State, kijana ambaye bila goti lake kuumia angekwenda juu sana. Woga tena, punguzo tena. Lakini Simmons aliwagharimu namba 32, raundi ya kwanza, na aliyekuwa mbele yake hakuwa mtu kama Thuney, alikuwa Jaylon Moore waliyemsaini Machi ile, mtu ambaye San Francisco alikuwa wa akiba. Na haikuwa imefika hata miezi mitatu toka Mahomes aangushwe mara sita na Philadelphia kwenye fainali huku Thuney huyo huyo akizibishwa pengo la tekoli wa kushoto. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema wamempata Trey Smith mwingine, muulize alichukuliwa namba ngapi na nani alikuwa mbele yake kwenye kikosi siku hiyo.